Shemeji Asiguse Lebo: Mwongozo kwa Wasindikaji wa Handeni na Korogwe

Kila kikundi cha usindikaji kuanzia Mkata hadi Mombo kina shemeji yake mwenye kompyuta. Alipita kozi fupi Tanga mjini, ana CorelDRAW, na kadi ya harusi aliyomtengenezea binamu yake bado inasifiwa. Akina mama wa unga wa lishe wakitaka lebo, jina lake ndilo linalotajwa kwanza, kwa sababu hatoi bili. Mwongozo huu unaanza naye. Shemeji apewe chai, apewe maandazi, apewe kiti cha mbele kwenye kikao, lakini lebo asiiguse mpaka kila neno litakalokaa juu yake liwe limeandikwa kwenye karatasi, limesomwa kwa sauti na limewekewa sahihi.

Najua amri hiyo itawaudhi watu, kwa kuwa wengi hupenda kuanza na rangi. Nimekaa kwenye vikao ambavyo muda wote uliisha kwa kubishana kama nyuki akae kulia au kushoto, na nafasi ya kuulizana uzito wa asali iliyomo ndani ya chupa ikakosekana. Nyuki akae popote. Mkaguzi atauliza uzito, bechi na tarehe.

Lebo ya chakula ni karatasi ya kisheria iliyobandikwa kwenye chupa. Tangu tarehe 1 Julai 2019, usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Yanayotakiwa kuandikwa kwenye chakula kilichofungashwa yamo katika kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38 cha mwaka 2014: jina halisi la chakula, viungo, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya bechi, tarehe, namna ya kuhifadhi na, inapobidi, namna ya kutumia. Yote hayo yanaenea ukurasa mmoja wa kaunta buku. Nunueni kaunta buku leo hii. Bei yake haifiki hata robo ya hasara ya lebo elfu mbili zilizokosewa anwani.

Ukurasa huo upigwe mistari upate safu nne. Safu ya kwanza ni maneno yenyewe, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Ya pili ni ushahidi: neno hili limetoka wapi? Jina la kampuni litoke kwenye cheti cha usajili, lisitoke kwenye kumbukumbu ya mwenyekiti. Anwani itoke kwenye leseni ya biashara, na hapo kuna mtego, maana Handeni kuna Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na Korogwe nako kuna mbili vilevile. Uzito utoke kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Safu ya tatu ni jina la aliyehakiki, na ya nne ni tarehe na sahihi yake. Safu ya ushahidi ikibaki tupu, neno hilo halijafika kwenye lebo, hata kama mgeni rasmi alilipenda.

Halafu lebo ipate mwenyewe mmoja. Maoni ya mwenyekiti, mweka hazina, afisa maendeleo ya jamii, bwana afya na mjomba aliyestaafu benki yapokelewe yote, tena kwa heshima, kisha sahihi ya mwisho iwe ya mtu mmoja. Msimchague mwenye sauti kubwa. Mchagueni yule mama anayechelewesha vikao kwa kudai risiti ya kila kitu. Huyo ndiye meneja wa lebo mliyekuwa mkimtafuta.

Sasa tuchukue mfuko mmoja tuuangalie kwa karibu. Tuseme ni unga wa lishe wa kilo moja, unasagwa Kabuku na kuuzwa kwa wasafiri pale Mkata, Segera na stendi ya Korogwe. Ndani yake mna mahindi, ulezi, soya, karanga na mchele. Mbele ya mfuko, herufi kubwa za kijani zinatangaza karanga, na kwenye orodha ya viungo karanga ndizo za kwanza, kwa sababu ndizo za gharama na zinavutia mteja. Orodha hiyo ni ya uongo. Viungo hupangwa kwa uzito, kuanzia kilichotiwa kwa wingi hadi kilichotiwa kidogo. Kama kwenye kilo 10 mmetia kilo 5 za mahindi, kilo 2 za ulezi, kilo moja na nusu ya soya, kilo moja ya karanga na nusu kilo ya mchele, basi mahindi ndiyo yanayoongoza, na karanga zinakaa nafasi ya nne hata kama zilinunuliwa kwa machozi.

Hata hivyo karanga na soya zinastahili kuonekana, kwa sababu nyingine kabisa. Zote mbili ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kumletea mtu mzio, pamoja na maziwa, mayai, samaki na nafaka zenye gluteni. Mzio wa karanga unaweza kuziba koo la mtoto kabla bodaboda haijafika hospitali. Mwaka 2016 msichana wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake bila kifungashio kusema hivyo. Wazazi wake walipigania sheria, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungashwa hukohuko kinakouzwa nchini humo lazima kitaje viungo vyote na kuonyesha wazi vya mzio. Neno moja lililokosekana lilitosha kuua. Kwa hiyo, mama wa Kabuku, andika kwa herufi nene: "Ina karanga na soya." Kama mashine hiyohiyo husaga karanga asubuhi na dona mchana, mfuko wa dona nao useme.

Upande wa pili wa mfuko ndipo aibu inapozidi. "Unaongeza damu, unatibu presha, unashusha sukari, unarudisha nguvu." Unga huo ungefanya yote hayo, Muhimbili ingekuwa imefungwa. Kudai kutibu ni kazi ya dawa, na dawa husajiliwa TMDA kwa ushahidi. Chakula hakiruhusiwi kujipa udaktari kwenye lebo. Ninakasirika nikiyaona maneno hayo, maana anayeyaamini ni mgonjwa wa kisukari anayeacha vidonge vyake. Yafuteni. Vivyo hivyo na alama ya unga ulioongezwa virutubishi: haiwekwi kwa kuwa inapendeza. Huiweka anayetia mchanganyiko wa madini na vitamini kwa kipimo, na ambaye unga wake umepimwa.

Kisha kuna yule mtoto. Kila mmoja wetu amemwona: mnene, ana macho ya kijani, ametolewa kwenye intaneti, na anacheka kwenye mifuko ya uji kutoka Tanga hadi Tabora. Mama yake hajui kuwa mwanawe anauza unga Handeni. Aondoke. Kwanza picha hiyo ina mwenyewe. Pili, tangu mwaka 1981 Msimbo wa Kimataifa wa kuuza maziwa mbadala unakataza picha za watoto wachanga kwenye makopo ya maziwa hayo, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2013 kuhusu uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na wadogo. Unga unaokusudiwa watoto unaingia kwenye eneo hilo lenye ulinzi mkali, kwa sababu mtoto wa chini ya miezi sita anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu. Muulizeni afisa wa TBS kabla ya kuchora chochote. Wakati mnasubiri jibu, wekeni picha ya kikombe cha uji. Kikombe hakina mzazi wa kulalamika.

Nikija kwenye asali, tatizo kubwa ni moja: kilo na lita. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Chupa ya nusu lita ikijaa asali hubeba kama gramu 700. Wengi huandika "500 g" kwa sababu chupa ilinunuliwa kama ya nusu lita, na hivyo wanamgawia mnunuzi gramu 200 za bure kila chupa, halafu wanashangaa kwa nini mtaji haukui. Wengine hupima nusu kilo, chupa ikabaki na nafasi juu, na lebo ikadai "500 ml". Hao wanamwibia mnunuzi. Pimeni, kisha andikeni kilichopimwa. Na kifupi cha kilo ni kg, kwa herufi ndogo. "KGS" na "Kgs" ni mapambo. Jina la chakula na uzito wake vionekane pamoja, mteja akiitazama chupa mara moja, bila kuizungusha mkononi. Ongezeni na sentensi hii: "Asali hii asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja." Asali safi kabisa inaweza kubeba vimelea vya Clostridium botulinum, ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda na la mtoto mchanga halivishindi.

Maneno yakiisha kusainiwa, shemeji aitwe. Yeye mwenyewe atafurahi, kwa kuwa mateso yake makubwa ni kubadilishiwa maneno usiku. Mazungumzo ya kawaida kwenye WhatsApp huenda hivi:

"Shemeji, njano ipungue kidogo."

"Sawa mama mwenyekiti, nimetuma."

"Mbona namba ya simu ni ile ya zamani?"

"Hiyo ni ya jana mama, tazama ya chini yake."

"Ya chini haina anwani."

"Subiri kuna nyingine."

Kufikia Ijumaa kuna "lebo fainali", "lebo fainali mpya" na "lebo fainali ya kweli", na mchapaji Kariakoo ameshapelekewa ile ya katikati. Wa kulaumiwa hapo ni mkubwa aliyeruhusu lebo ibadilishwe kwa ujumbe wa sauti. Viwanda vya dawa vilishaona hatari hii zamani, kwa kuwa kwao lebo ya dozi moja ikibandikwa kwenye chupa ya dozi nyingine mtu hufa. Wakaweka utaratibu: kila mchoro una namba yake na toleo lake, namba hiyo huchapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa lebo, na mabadiliko yoyote, hata ya nukta, huzaa toleo jipya lenye sahihi mpya. Utaratibu huo hauna gharama. Unga wa lishe wa kilo moja uitwe UL-1-01. Namba ya simu ikibadilika, unakuwa UL-1-02, na sababu inaandikwa kwenye kaunta buku. Maombi ya mabadiliko yapelekwe kwa yule mama wa risiti, yeye ndiye amwambie shemeji.

Shemeji naye ana masharti yake. Picha zitumwe kama faili, kwa sababu WhatsApp huifinya picha ya kawaida mpaka ikichapwa inaonekana kama imepigwa ndani ya ukungu. Kwa kuchapa, picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Herufi zigeuzwe kuwa mchoro kabla ya kutoa PDF, la sivyo kompyuta ya mchapaji itachagua fonti yake na maneno yatahama. Chupa ipimwe mzunguko kwa uzi au kamba. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 7 ina mzunguko wa kama sentimita 22, na lebo ya sentimita 24 italalia uzito halisi uliohangaikia kuupima.

Bakodi isibuniwe, wala isinakiliwe kutoka kwenye pakiti ya biskuti. Namba hutolewa na GS1 Tanzania, na huanza na 620. Za Kenya huanza na 616. Zina tarakimu 13, na ya mwisho ni ya kuzihakiki nyingine. Mnaweza kuipima wenyewe: zidisheni tarakimu 12 za mwanzo, kutoka kushoto, kwa 1, kisha 3, kisha 1, kisha 3, hadi mwisho, jumlisheni, kinachopungua kufikia kumi inayofuata ndiyo tarakimu ya 13. Ikikataa, namba ni ya kubuni au imekosewa kunakiliwa. Vipimo vya kawaida vya bakodi hiyo ni milimita 37.29 kwa 25.93, na isipunguzwe chini ya asilimia 80. Milia iwe myeusi juu ya nyeupe. Shemeji anayependa rangi ataitaka nyekundu, na hapo mkatalieni bila huruma: skana nyingi za dukani hutumia mwanga mwekundu, na milia myekundu kwake haionekani kabisa. Lebo itapendeza, na muuzaji wa supamaketi ataandika namba kwa mkono mpaka achoke, kisha aache kuagiza.

Alama ya ubora ya TBS isichapwe kabla ya leseni. Wajasiriamali wadogo hupitia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi Tanga, kupata barua ya utambulisho wa kwenda TBS. Leseni ikitoka, ndipo alama na namba yake viingie kwenye lebo, kwa toleo jipya. Chapeni toleo la kwanza kwa stika chache. Mifuko ya plastiki iliyochapwa kwa silinda huhitaji silinda moja kwa kila rangi, na mwenye mashine hawezi kuiwasha kwa mifuko mia tatu. Anayekimbilia silinda kabla ya leseni hujikuta na stoo ya mifuko asiyoweza kuiuza wala kuila.

Mchapaji akisema yuko tayari, dai prufu juu ya karatasi au plastiki ileile itakayotumika. Rangi ya kwenye simu haihusiani na rangi ya kwenye stika. Funga prufu kwenye chupa iliyojaa. Isome kwa sauti, mwenzako akifuatilia kwenye kaunta buku kidole kwa neno. Halafu piga namba ya simu iliyoandikwa. Akipokea fundi pikipiki wa Kilindi, mmejua kabla ya fedha kutoka.

Jambo la mwisho kwenye prufu ni nafasi ya bechi na tarehe. Nafasi hiyo iachwe bila ile ngozi ya kung'aa, maana wino wa mhuri haushiki juu yake. Gonga mhuri, hesabu mpaka thelathini, paka kidole asali au mafuta, sugua. Tarehe ikifutika mezani, itafutika kwenye boksi kabla gari halijamaliza zile kilomita 65 za kutoka Handeni hadi Korogwe.

Wapo wanaoiona namba ya bechi kama urembo wa viwanda vikubwa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu na kuagiza unga huo urudishwe kutoka madukani. Kikundi kidogo kikipata simu kama hiyo, swali la kwanza ni: unga upi? Mwenye bechi atajibu kuwa ni ule uliosagwa Jumanne, kutoka mahindi ya mkulima fulani, mifuko 80, na 60 iko maduka manne. Asiye na bechi ataomba kila mfuko urudi, na miongoni mwa hiyo ambayo haitarudi kuna uliosagwa Jumanne, uko kwenye sufuria ya mtu. Kwa hiyo kaunta buku ileile iwe na ukurasa wa bechi: tarehe, mahindi yametoka wapi, mifuko mingapi, imekwenda duka gani.

Jina na nembo vikasajiliwe BRELA. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, hivyo anayeuza asali Darajani ajisajili na kule.

Bado kuna lebo za zamani. Mwaka 2019 kila aliyekuwa na bando la lebo zenye jina la TFDA alijifunza kuwa lebo huzeeka hata zikiwa mpya stoo. Watu huona uchungu kuzitupa, wakazificha chini ya meza "kwa dharura", na dharura huja siku ya oda kubwa. Toleo likibadilika, hesabuni zilizobaki mbele ya watu wawili, andikeni idadi, zikatwekatwe, na sahihi ziwekwe. Viwanda vya dawa hulinganisha lebo zilizotolewa, zilizotumika na zilizoharibiwa; tofauti ikionekana, kazi inasimama mpaka ijulikane zimekwenda wapi. Kikundi cha watu kumi kinaweza kufanya hivyo jioni moja, na chai ikachemka.

Ewe msindikaji wa Handeni au Korogwe unayesoma haya, nakuomba usisubiri lebo mpya. Nenda leo kwenye duka linalouza bidhaa yako, nunua mfuko mmoja kama mteja mwingine yeyote, uusome wote mpaka herufi ndogo za nyuma, kisha piga simu iliyoandikwa. Usipopata bechi, tarehe au uzito wa kweli, mwambie mchapaji asubiri, hata kama oda ni ya kesho.